Zaidi ya Miaka Arobaini Juu ya Pikipiki: Maneno kwa Vikundi Vinavyotaka Kununua Bodaboda

Haya ni maneno ya mzee mmoja, mhudumu wa mifugo aliyestaafu, aliyoyasema mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokutana katika ukumbi wa kanisa, upande wa Kitui. Baadhi ya vikundi hivyo vinaweka akiba ili vinunue pikipiki. Tumeyaandika karibu kama alivyoyasema. Mwishoni kuna maswali ya kujadili katika kikundi chenu.



Akina mama, wazee wenzangu, na ninyi vijana mlioketi pale nyuma karibu na mlango, nawashukuru kwa kunikaribisha. Mwenyekiti ameniambia nizungumze juu ya pikipiki kwa sababu, amesema, mimi ni mzee wa pikipiki. Ni kweli. Nilianza kazi ya mifugo mwaka 1978 na tangu wakati huo sijawahi kukaa mwaka mzima bila pikipiki. Hata leo nimekuja nayo, iko pale chini ya mwembe.

Lakini sikuja kuwasimulia hadithi za zamani tu. Nimesikia kwamba katika mkutano uliopita mlipiga hesabu ya pikipiki mbili, na hesabu ilipokuwa kubwa mkakata kofia na makoti. Mlisema, "Tununue pikipiki kwanza, hayo mengine tutanunua baadaye." Basi nitawaeleza niliyoyaona barabarani, kisha mtaamua wenyewe. Pesa ni zenu na watoto ni wenu.

PIKIPIKI NILIZOENDESHA

Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa ya kazi, Yamaha AG100. Wazee wanaikumbuka. Ilitengenezwa kwa ajili ya shamba. Cheni yake ilikuwa imefunikwa yote ndani ya bati, vumbi haliingii. Ilikuwa na keria mbele na nyuma, na stendi pande zote mbili, kwa hivyo hata kwenye mteremko ungeweza kuisimamisha. Nyuma nilifunga sanduku la barafu lenye chanjo, mbele nikafunga kamba, panga na mfuko wa spana.

Ile ilikuwa injini ya aina ya kuchoma oili pamoja na petroli. Ilikuwa na tangi dogo la oili peke yake. Tangi hilo likikauka, injini inashika pale pale barabarani, na gurudumu la nyuma linaweza kukwama nawe ukiwa juu. Kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya chai, niliangalia oili. Tabia hiyo sijaiacha.

Baadaye nilipewa Honda XL125. Hiyo ni ndefu, ina miguu mirefu kama ngamia, inapita juu ya mawe. Haichomi oili pamoja na petroli. Oili hukaa chini ndani ya injini na lazima ibadilishwe. Nilipostaafu nilinunua yangu mwenyewe, Bajaj Boxer kutoka India, kama hizi mnazoziona kila stendi. Si ya milima wala ya mchanga mwingi, lakini ni rahisi kwa mafuta, na spea zake zinapatikana hata kwenye soko dogo.

Vijana, ninyi mnadhani bodaboda ilianza na pikipiki. Hapana. Ilianza kwa baiskeli huko Busia, mpakani na Uganda, katika miaka ya 1960, watu wakivushwa kutoka mpaka hadi mpaka. Pikipiki zilijaa nchini baada ya mwaka 2008, serikali ilipoondoa ushuru wa VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya cc 250. Zilileta kazi kwa vijana wengi, na mama mja mzito akafika hospitali usiku. Hilo ni jema, tusilidharau. Lakini zilikuja haraka kuliko mafunzo. Sisi tuliopewa pikipiki za kazi tulifundishwa kwanza uwanjani siku kadhaa. Kijana wa leo hufundishwa na rafiki yake jioni moja, na kesho yake anabeba mama yako.

BARABARA ILINIFUNDISHA NINI

Huku kwetu kuna mambo manne: mchanga, udongo mweusi, maji na jioni.

Mchanga. Ukiingia kwenye mchanga ukitazama gurudumu la mbele, utaanguka. Tazama mbali, pale unapotaka kutokea. Sukuma makalio nyuma kidogo, shika hendeli bila kukaza sana, acha gurudumu lichezecheze, na usifunge petroli ghafla. Pia usishike breki ya mbele. Mchanga unamtaka mtu mtulivu.

Udongo mweusi. Mvua ikinyesha, udongo ule hunata na kujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka. Usilazimishe injini, utachoma klachi. Shuka, toa udongo kwa kijiti, sukuma. Mimi nilikuwa na kijiti changu cha mgunga nilichokifunga kwenye keria miaka mingi. Watu walidhani ni fimbo ya ng'ombe.

Maji. Hapa nisikilizeni vizuri. Mito yetu kama Tiva na Thua ni mito ya mchanga. Unaweza kuikuta kavu asubuhi, na jioni maji yanakuja kama ukuta ingawa kwenu hakujanyesha hata tone, kwa sababu mvua imenyesha mbali huko juu. Wakati wa mvua za El Niño, mwaka 1997 kuingia 1998, nilifika ukingoni saa kumi na moja jioni nikiwa na chanjo za mbuzi. Maji yalikuwa ya magoti tu, lakini yalikuwa mekundu, na yalibeba vijiti na majani. Mzee mmoja aliyekuwa pale akaniambia, "Mwanangu, maji yanayobeba majani bado yanapanda." Nikalala kwake. Usiku ule tulisikia mawe yakigongana ndani ya mto. Asubuhi tulikuta mti mzima umelala katikati ya njia ya kuvukia. Barafu iliyeyuka na chanjo zikaharibika. Msimamizi wangu aliniambia kwamba chanjo zitaletwa nyingine.

Kwa hivyo sheria ni hii: mto usiouona chini yake, vuka kwa miguu kwanza, ukiwa na fimbo. Kama maji yanakusukuma wewe, yataisukuma pikipiki pia. Na maji yanayopanda, ngoja. Injini ikinywa maji, usipige kiki tu. Toa plagi, funga petroli, piga kiki maji yatoke, kausha plagi, ndipo uwashe.

Jioni. Saa kumi na mbili jioni ng'ombe wanarudi nyumbani, punda wanasimama katikati ya lami kwa sababu ina joto, na jua liko machoni. Ajali nyingi nilizoziona zilikuwa saa hiyo. Punguza mwendo. Haraka haraka haina baraka, na huko barabarani si methali tu.

KOFIA YA PIKIPIKI

Msimamizi wetu wa kwanza alikuwa Sista mmoja, mfupi, mkali. Funguo za pikipiki zilikaa kwenye droo yake. Kila ufunguo ulikuwa umefungwa kwa kamba pamoja na kofia yake. Huwezi kuchukua ufunguo bila kuchukua kofia. Na hakukuachia mpaka ameona umeivaa na umefunga mkanda chini ya kidevu. Tulimcheka nyuma ya mgongo wake. Tulisema kofia ina joto, inaziba masikio, inaharibu nywele.

Mwaka 1991 punda alitoka vichakani kwenye barabara ya Mutomo, nami nikaenda naye chini. Nilivunjika mfupa wa bega. Kofia ilipasuka upande wa kulia kutoka juu mpaka sikioni. Daktari aliishika, akaitazama, akanitazama mimi, akasema, "Ufa huu ungekuwa kwenye kichwa chako." Tangu siku hiyo sikumcheka Sista tena.

Wengine hudhani kofia ni mambo ya polisi. Hapana, ilitoka kwa daktari. Mwaka 1935 huko Uingereza, mtu mashuhuri aitwaye T. E. Lawrence alianguka na pikipiki yake akijaribu kuwakwepa vijana wawili wa baiskeli. Hakuwa na kofia. Alikufa baada ya siku sita. Mmoja wa madaktari waliomwona alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Daktari huyo akaanza kuchunguza ajali za wanajeshi waliopeleka barua kwa pikipiki, na mwaka 1941 akaandika kwamba wengi wanakufa kwa majeraha ya kichwa na kwamba kofia inaokoa. Jeshi likawaamuru waendeshaji wake wavae. Hata hivyo, kwa raia wa Uingereza sheria ilikuja mwaka 1973 tu. Mwaka 2008 wataalamu walijumlisha tafiti nyingi kutoka nchi mbalimbali, wakaona kwamba kwa watu wanaopata ajali ya pikipiki, kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69.

Hapa Kenya, Sheria ya Trafiki kwa mabadiliko ya mwaka 2012 inasema hivi: mwendeshaji avae kofia na koti lenye kung'aa, abebe abiria mmoja tu, na abiria huyo naye avae. Kwa hivyo kile mlichokikata kwenye hesabu ni sehemu ya pikipiki yenyewe, kama gurudumu.

Sasa nitasema jambo zito. Mnamkumbuka kijana wetu wa upande wa soko tuliyemzika baada ya Pasaka. Mama yake yuko hapa na amenipa ruhusa niseme. Kofia alikuwa nayo. Ilikutwa imening'inia kwenye kioo cha pikipiki, haina hata mkwaruzo. Alikuwa anaivaa akiona polisi mbele. Tulichanga kwa ajili ya hospitali, kisha tukachanga kwa ajili ya mazishi, na sasa tunachanga karo ya mtoto wake. Jumlisheni wenyewe, halafu mniambie kofia ni ghali kuliko nini.

(Hapa watu walinyamaza kwa muda.)

Jinsi ya kuchagua kofia:

1. Iwe na alama ya ubora ya KEBS, na ndani iwe na povu gumu, si kitambaa kitupu juu ya plastiki.
2. Ivae, funga mkanda, tikisa kichwa. Ikizunguka peke yake ni kubwa. Kofia isiyofungwa mkanda hutoka kabla hujafika chini.
3. Ikishapata ajali moja, usiitumie tena hata kama kwa nje inaonekana nzima. Povu la ndani limeshabonyea, na halirudi.
4. Usinunue iliyotumika sokoni. Hujui imeanguka mara ngapi.

Akina mama mnasema kofia ya abiria ina jasho la watu wengi na mnaogopa mapunye na chawa. Hilo ni neno la haki. Dawa yake ni ndogo: kila mmoja awe na kitambaa chake chepesi cha kufunga kichwani kabla ya kuvaa kofia. Mwendeshaji naye aianike kofia juani kila siku na kuipangusa kwa sabuni.

Na mtu akianguka, msikimbilie kumvuta kofia kwa nguvu wala kumkalisha. Huenda shingo imeumia. Mwacheni alale, aongee, apumue, na mtafute gari la kumbeba akiwa amelala.

NGUO NA VIATU

Hapa nitapita haraka. Viatu viwe vya kufunika kifundo cha mguu. Hata gambuti ni afadhali kuliko ndara. Nimeona vidole vya mguu vikikatwa kwa sababu ya ndara. Koti zito linalozuia upepo, hata kama mchana kuna joto, kwa sababu saa kumi na moja alfajiri vidole vinakufa ganzi na huwezi kubana breki. Zamani tuliweka gazeti kifuani chini ya koti, na mpaka leo hakuna kitu rahisi kinachozuia upepo kama gazeti. Macho yafunikwe. Mdudu mmoja jichoni kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa anatosha.

Abiria apande upande wa kushoto. Pikipiki nyingi zina eksoza upande wa kulia, na ndiyo sababu mnaona makovu ya kuungua kwenye miguu ya akina mama wengi. Leso na sketi pana zikusanywe na kukaliwa, zisiingie kwenye spoki au cheni.

KUITUNZA

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, zunguka pikipiki mara moja. Ni kazi ya dakika tano:

- Oili: ichunguze kwenye dirisha dogo au kijiti cha kupimia, pikipiki ikiwa imesimama wima.
- Tairi: upepo, misumari, nyufa. Tingisha spoki kwa kidole, iliyolegea utaisikia.
- Cheni: isiwe imekaza wala kulegea sana. Pikipiki nyingi za barabara zinataka icheze kama sentimita 2 hadi 3 katikati. Ipanguse na kuipaka oili, hasa baada ya mvua.
- Breki: bana ya mbele, kanyaga ya nyuma. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayosimamisha zaidi. Anayeogopa kuitumia anatumia nusu ya breki zake.
- Taa, honi na nati. Barabara mbovu hufungua nati usiku na mchana.

Na cheni ikiisha, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja. Ukiweka cheni mpya kwenye meno yaliyokwisha, baada ya muda mfupi yote imekwisha, na umelipa mara mbili.

HESABU YA KIKUNDI

Nimeona vikundi vikianguka kwa sababu vilihesabu yanayoingia tu. Tuseme kijana analeta kwa kikundi shilingi 300 kila siku, siku 6 kwa wiki. Hiyo ni shilingi 1,800 kwa wiki, na kwa wiki 52 ni shilingi 93,600. Watu wanapiga makofi. Lakini tairi, cheni, oili, bima na kofia zitatoka wapi? Tengeni shilingi 60 katika kila 300 tangu siku ya kwanza, katika akaunti au sanduku lake peke yake. Kwa mwaka ni shilingi 18,720. Faida ya kugawana au kulipia mkopo inakuwa shilingi 74,880. Hiyo ndiyo hesabu ya kweli, na pikipiki itakuwa bado inatembea mwaka wa tatu.

Mambo mengine: logibuku iwe kwa jina la kikundi ikiwa kimesajiliwa. Kijana awe na leseni kabla ya kupewa ufunguo, si baadaye. Bima isikatike hata siku moja. Na kiwango cha kuleta kila siku kisiwe kikubwa mpaka kijana analazimika kubeba watu watatu au kuendesha usiku kucha ili akifikishe. Tukimdai kupita kiasi, sisi ndio tunaomsukuma.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mstari wa 8, kuna amri fupi. Mwenye kujenga nyumba mpya ameagizwa aweke ukingo kuzunguka dari lake, ili mtu akianguka kutoka juu damu isiwe juu ya nyumba yake. Angalieni: amri haisemi mtu awe mwangalifu asianguke. Inamwambia mwenye nyumba ajenge ukingo. Na sisi tukinunua pikipiki, kikundi ndicho mwenye nyumba. Ukingo wetu ni kofia mbili, makoti mawili, mafunzo na breki nzima.

Nasema basi, kama pesa hazitoshi pikipiki mbili pamoja na kofia zake, nunueni pikipiki moja yenye kila kitu. Ya pili itakuja. Funguo zikae kwa mweka hazina, zimefungwa kwa kamba pamoja na kofia, kama alivyofanya Sista.

Ninyi vijana mnaotaka kujua mchanga na klachi, nikimaliza chai nitakuwa uwanjani. Njooni na viatu.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kijiji chetu, tumechanga mara ngapi mwaka huu kwa sababu ya ajali za pikipiki? Jumla ni shilingi ngapi?
2. Pesa hizo zingenunua kofia ngapi?
3. Je, kiwango tunachomdai mwendeshaji kila siku kinamruhusu kwenda polepole?
4. Nani katika kikundi chetu atatunza funguo, kofia na daftari la matengenezo?
5. Akina mama: ni jambo gani linalotuzuia kuvaa kofia ya abiria, na tunaweza kulitatua vipi?